Nauli ya Bahasha ya Kura

Hotuba kwa wapigakura wanaozungumza Kiswahili, Kent, jimbo la Washington

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu na kaka zangu, habari za jioni. Vijana mliojibanza kule nyuma karibu na sinia la sambusa, nawaona, na nawaomba mtubakizie hata mbili.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniomba nizungumzie uchaguzi. Nikamwambia sitagusa wagombea wala vyama, maana mtu mzima hapangiwi wa kumchagua. Nitazungumzia bahasha. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Bahasha tu?" Nikamjibu, bahasha tu. Hii hapa mkononi mwangu.

Kabla sijaifikia, neno moja la tahadhari, na naomba mfasiri wa Kinyarwanda alirudie taratibu. Kura hii ni ya raia. Mwenye grini kadi, hata awe amekaa hapa miaka ishirini na analipa kodi kuliko mimi, asijiandikishe wala asipige. Akipiga anaweza kushtakiwa, anaweza hata kurudishwa alikotoka. Ikikufikia fomu kwa makosa, iache. Hapo hakuna mzaha.

Sasa bahasha. Tazameni pembe ya juu kulia, pale ambapo kwa kawaida barua hubandikwa stempu. Hapana stempu, na haihitajiki. Serikali imeshailipia nauli ya kurudi. Mliopata uraia miaka ya karibuni mnadhani ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Sivyo. Imeanza mwaka 2018, na kabla ya hapo kila mpigakura wa jimbo hili aliyetaka kurudisha kura yake kwa posta aliitafutia nauli mwenyewe.

Mimi nilizaliwa Tabora, na baba yangu alikuwa karani wa posta. Shule zikifungwa alinichukua kazini nikae nyuma ya kaunta, nisisumbue watu. Juu ya meza palikuwa na kibakuli chenye sifongo iliyolowa maji, ya kuloweshea mgongo wa stempu, na pembeni yake muhuri wa chuma wenye mpini wa mbao uliong'aa kwa kushikwashikwa. Mtu analeta barua, baba anaipima, anataja bei, stempu inabandikwa, halafu muhuri unashuka: pwaa! Siku moja nikamuuliza kwa nini anaichafua picha nzuri ya twiga kwa wino mweusi. Akasema, "Nimeiua. Nisipoiua leo, kesho mtu ataibandua aitumie tena." Neno hilo, kuiua stempu, liwekeni akiba. Nitalihitaji baadaye.

Kwetu barua hazikuja nyumbani. Ilikuwa S.L.P. ya shule, S.L.P. ya misheni, S.L.P. ya kazini kwa mjomba. Na kura haikuwa kitu cha kutembea kwa posta. Unakwenda kituoni alfajiri, unapanga foleni, jina lako linatafutwa kwenye daftari, kidole kinachovywa wino. Hapa mambo ni kinyume kabisa. Kaunti yetu ya King ilihamia kura ya posta mwaka 2009, na kufikia 2011 jimbo zima likawa hivyo. Karatasi ya kura inatumwa nyumbani siku 18 au zaidi kabla ya uchaguzi. Inakuja imelala katikati ya matangazo ya piza na ya bima ya gari. Na mtu aliyezoea kwamba kura ni foleni na wino, anaitazama bahasha hiyo kama tangazo jingine la piza.

Niwape kisa cha Novemba 2016. Nilikuwa nikikaa jengo moja na mama mmoja, yeye ghorofa ya chini, mimi ya juu. Asili yake Uvira, Kongo, akapita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, akakaa kambini miaka ambayo hapendi kuihesabu. Alikuwa ameapa uraia miezi michache tu kabla ya uchaguzi, na kile cheti chake alikitia fremu akakitundika juu ya televisheni. Kura ilipofika, mjukuu alimsomea, yeye akajaza viduara kwa mkono wake. Akaitia kwenye bahasha, akasaini, akaifunga. Halafu akaona kale kamraba kalikochorwa pembeni pa kubandikia stempu.

Hakuwa na stempu. Na kwa nini awe nayo? Bili analipiwa na mjukuu kwenye simu, na ndugu zake wanamfikia kwa WhatsApp. Akapanda basi hadi dukani. Bei ya stempu mwaka ule ilikuwa senti 47, ila duka alilokwenda halikuuza moja moja; lilikuwa na kitabu cha stempu 20, dola 9 na senti 40. Hela aliyokuwa nayo ilikuwa ya mboga na ya basi la kurudi. Akasema, nitakuja Ijumaa nikilipwa. Uchaguzi ulikuwa Jumanne, kabla ya Ijumaa hiyo.

Mwezi wa kwanza nilishuka kumsaidia kusogeza kabati. Bahasha ilikuwa ndani ya Biblia, imefungwa vizuri, imesainiwa kwa herufi kubwa zilizopindapinda. Nikamuuliza, "Mama, hii vipi?" Akasema, "Nilikosa ka-stempu, mwanangu. Nikaona haya kuomba." Na mimi, mtoto wa karani wa posta, kwenye droo yangu ghorofa ya juu nilikuwa na stempu kumi na kitu zisizo na kazi.

Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye. Bahasha ile ingekwenda tu. Utaratibu wa Posta ya Marekani, na si wa jana, ni kwamba bahasha ya kura haizuiwi wala hairudishwi kwa sababu haina stempu au stempu haitoshi. Inafikishwa, kisha ofisi ya uchaguzi ndiyo inayodaiwa. Lakini hilo halikuwa limeandikwa kwenye bahasha yake. Bahasha ilisema weka stempu, naye ni mtu aliyeishi kambini, mahali ambapo karatasi ya serikali ikisema lete kitu, unakileta, la sivyo jina linafutwa. Alitii karatasi. Sitaki mtu anicheke nikisema kwamba utii wake ndio uliomnyima kura.

Nawasikia wanaosema, senti 47 ni nini? Mtu akose kura kwa senti 47? Ndugu zangu, hapo ndipo hoja hii inapopotezwa kila inapojadiliwa. Watu wanahesabu bei ya stempu, wanasahau safari ya kuitafuta. Bei haikuwa senti 47. Ilikuwa basi la kwenda na kurudi, kitabu cha stempu 20 kwa mtu anayetaka moja, saa mbili za jioni kwa mtu aliyetoka zamu ya usiku, na haya ya kugonga mlango wa jirani. Na karatasi ya kura ikiwa ndefu bahasha inakuwa nzito, kwa hiyo hata mwenye stempu anabaki kujiuliza kama moja inatosha. Nani ana mizani jikoni kwake? Mwenye pesa hayaoni haya yote, kwa kuwa ana stempu ofisini na katibu wa kumbandikia.

Mahakama za nchi hii zimeshalipitia jambo hili, na historia yake inatuhusu kuliko tunavyodhani. Wazee wa Tanganyika mnaikumbuka kodi ya kichwa. Wengine baba zenu walilala porini wakimkimbia mkusanyaji. Na huku, katika majimbo ya kusini, kulikuwa na kodi ya kichwa ya aina yake: lipa ndipo upige kura. Hukulipa, daftari halikujui. Iliwekwa ili Mweusi asipige kura, na maskini Mzungu akaumia humohumo. Marekebisho ya 24 ya Katiba yaliifuta mwaka 1964 kwa uchaguzi wa shirikisho. Virginia ikaendelea kuidai kwa uchaguzi wa jimbo, dola moja na nusu kwa mwaka. Mama mmoja Mweusi, Annie Harper, akaishtaki, na mwaka 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema hapana: utajiri wa mtu hauhusiani na kufaa kwake kupiga kura.

Dola moja na nusu. Palikuwapo waliosema nayo ni nini.

Na sisi tusijifanye kwamba hilo lilikuwa la Wamarekani peke yao. Uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika, ule wa 1958 na 1959 wa kura tatu, yaani kila mpigakura achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia, ulikuwa na masharti ya kipato au elimu: uwe na paundi 150 kwa mwaka, au umefika darasa la 12, au unashika wadhifa uliotajwa. TANU walikutana kwetu Tabora, Januari 1958, wakabishana usiku na mchana kama waingie katika uchaguzi wa namna hiyo au waususe. Mwalimu akawashawishi waingie, na wakashinda. Baba alikuwa kijana, karani mdogo, mshahara wake haukufika paundi 150. Alikuwa akisema kwa kucheka, "Fomu za uchaguzi zilipita mikononi mwangu, nikazigonga muhuri, nikazipeleka kwa wenye pesa." Alicheka kila mara alipokisimulia, lakini hakuacha kukisimulia.

Basi mwaka 2020, wakati wa korona, watu wa Georgia walikwenda mahakamani wakisema: mpigakura wa posta akilazimishwa kununua stempu, hiyo ni kodi ya kichwa iliyobadilishwa jina. Walishindwa. Agosti 2021 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikathibitisha kwamba stempu si kodi. Ni malipo ya huduma, yanakwenda Posta, si kwenye hazina ya jimbo, na asiyetaka kuyalipa anaweza kwenda kituoni akapiga kura bila senti. Mimi si mwanasheria, na nikiisoma hoja hiyo naona ina miguu. Ila jirani yangu hakuwa akiuliza kama stempu ni kodi. Alikuwa akiuliza inauzwa wapi moja moja. Na ile habari ya nenda kituoni, kwetu hapa haina maana sana, kwa sababu vile vituo vya mtaani vya zamani havipo tena.

Kwa hiyo kama mahakama haikulazimisha, imebaki serikali yenyewe kuamua. Na hapa naomba niwasifu watu wa jimbo hili, kitu ambacho mnajua sikifanyi mara nyingi.

Mkurugenzi wa uchaguzi wa kaunti yetu, Julie Wise, alianza kwa kujaribu. Walichagua chaguzi ndogo, Maple Valley na Shoreline, wakatuma bahasha zilizolipiwa, wakatazama watu watafanya nini. Mei 2018 baraza la kaunti likapitisha kiasi cha dola 381,000 kwa chaguzi za mwaka ule. Hapo ukazuka mgogoro, na ulikuwa mgogoro wa haki kabisa. Kim Wyman, aliyekuwa Katibu wa Jimbo na msimamizi wa uchaguzi, akasema haiwezekani raia wa King apewe nauli na raia wa kaunti nyingine 38 ajilipie. Kura ni za jimbo moja. Angeweza kusema, basi King nao waache. Badala yake akasema wapewe wote, akamwendea Gavana Jay Inslee amwombe fedha. Wyman alikuwa Republican, Inslee ni Democrat. Gavana akatoa hadi dola milioni 1.2 kutoka mfuko wake wa dharura kwa ajili ya kaunti nyingine. Mwaka uliofuata, 2019, ikawa sheria ya kudumu.

Mkitaka kuona kwamba haikuwa lazima iende hivyo, mpigieni simu ndugu yenu aliyeko Columbus au Dayton. Ohio wana sheria inayokataza ofisi ya uchaguzi ya kaunti kulipia bahasha ya kura inayorudi. Inakataza, hata kama kaunti ina hela na inataka. Mwaka 2020 Katibu wa Jimbo wa kule, Frank LaRose, aliomba idhini ya kutumia fedha za ofisi yake kulipia nauli hiyo. Bodi ya fedha ikamkatalia, na waliomkatalia walikuwa watu wa chama chake mwenyewe. Majimbo yanayolipia hayafiki nusu ya nchi. California wameanza 2019, jirani zetu Oregon wakafuata 2020. Mtu wa Georgia, na pale Clarkston tunao wengi, bado anatafuta stempu.

Kuna mzee wangu mmoja, yumo humu ndani na sitamtaja, aliniambia kwamba hizo ni fedha za walipa kodi zinazotupwa. Alidhani serikali inanunua stempu milioni na kuzibandika kila bahasha, nusu yake ziishie jalalani. Laiti ingekuwa hivyo ningeungana naye. Bahasha hii haina stempu hata moja. Ina chapa ya kibali na vile vistari vya kusomwa na mashine. Posta inahesabu zile zilizopita mikononi mwake tu, na kwa hizo tu ndipo inaidai ofisi. Bahasha uliyoisahau chini ya friji haijagharimu nauli. Bahasha uliyoidumbukiza mwenyewe kwenye sanduku la kura pale barabarani, nayo haijagharimu nauli. Serikali inalipia kura iliyopigwa. Kama kuna matumizi safi zaidi ya hayo kwenye bajeti ya uchaguzi, mzee wangu anionyeshe, na chai nitanunua mimi.

Nawasikia Wakenya mnanong'ona kwamba haya ni mambo ya anasa. Ni kweli. Agosti 2022 Kenya iliwaruhusu raia wake walioko Marekani kupiga kura ya urais kwa mara ya kwanza, na vituo vilikuwa Washington D.C., New York na Los Angeles. Mtu wa Kent mwenye pasipoti ya Kenya, kituo cha karibu kilikuwa Los Angeles: zaidi ya kilomita 1,500. Wakongomani nao, Desemba 2023, walio ughaibuni walipiga kura kwa mara ya kwanza, katika nchi tano tu, Marekani ikiwemo. Linganisheni na Mmarekani anayeishi Dar es Salaam. Yeye anaipeleka bahasha yake ubalozini inarudi bila stempu, kwa sheria iliyopo tangu 1986 kwa wanajeshi na raia walio nje. Na kama ni wa jimbo letu anaweza hata kuirudisha kwa barua pepe. Nilipomweleza hayo shemeji yangu wa Nakuru alinyamaza muda mrefu kwenye simu, halafu akauliza bei ya tiketi ya Los Angeles.

Sasa nirudi kwa baba na muhuri wake.

Nauli imelipwa, vizuri. Lakini kura ya posta katika jimbo hili inahesabiwa kwa tarehe ya muhuri wa posta. Isizidi siku ya uchaguzi. Na muhuri, kama baba alivyonifundisha, kazi yake ya asili ni kuua stempu. Mnaona tatizo? Bahasha isiyo na stempu haina cha kuuawa. Mashine za Posta zimezoea kwamba barua iliyolipiwa kwa kibali haihitaji muhuri, inaweza kupita hivi hivi. Ndiyo maana Posta imewapa wafanyakazi wake agizo maalumu kwamba bahasha za kura zigongwe muhuri hata kama hazina stempu. Agizo lipo. Lakini agizo ni la binadamu na mashine ina haraka.

Tena si hivyo tu. Posta imepanga upya malori yake. Katika ofisi nyingi zilizo mbali na kituo kikuu cha kuchambulia barua, barua ya leo mchana inalala palepale, inachukuliwa kesho. Muhuri unagongwa kule kituoni. Kwa hiyo unaweza kutumbukiza bahasha Jumanne saa sita, ukaenda nyumbani na moyo mweupe, na muhuri ukasema Jumatano. Kura hiyo imekufa, na hakuna atakayekuja kukupa pole.

Ukitumia posta, basi, tuma wiki nzima kabla. Ukichelewa, ingia ndani ya posta, simama kwenye kaunta, mwombe karani agonge muhuri kwa mkono mbele ya macho yako. Ni haki yako na ni bure. Au tumia sanduku la kura: sheria ya 2017 inataka angalau moja kwa kila wapigakura 15,000 walioandikishwa, yapo hadi karibu na maktaba, yanafungwa saa mbili kamili usiku siku ya uchaguzi. Mimi mwenyewe, pamoja na maneno yote haya ya kusifu nauli, naipeleka sandukuni. Lakini nina gari. Na hata sanduku si mbinguni: Oktoba 2024 mtu alilitia moto sanduku la Vancouver, Vancouver yetu ya kusini mwa jimbo, si ile ya Kanada, zikaungua kura mamia, na waliotambuliwa ikabidi watumiwe karatasi nyingine.

La mwisho ni saini, na hili nalisema kwa sababu ya wazee. Kura ikifika, saini iliyo nyuma ya bahasha inalinganishwa na ile iliyo kwenye kumbukumbu za ofisi ya uchaguzi, mara nyingi ile uliyoitia ulipochukua leseni au kitambulisho. Mwaka 2022 Mkaguzi wa Jimbo alitoa ripoti juu ya uchaguzi wa 2020: kura za Weusi zilikataliwa kwa kiwango cha mara nne ya kile cha Wazungu. Mtu aliyejifunza kushika kalamu akiwa na miaka 50, saini yake ya mwaka juzi na ya leo ni watu wawili. Akipata barua au simu ya kusema saini hailingani, si polisi wale, si matapeli lazima. Ni nafasi ya kusahihisha, na ina muda wake. Aandike namba ya simu kwenye bahasha ili wampate. Na asiyeweza kusaini kabisa anaruhusiwa kuweka alama yake mbele ya mashahidi wawili, nao watie saini. Mjukuu asimsainie bibi. Tafadhali. Najua mnafanya kwa upendo.

Mtaniuliza yule mama wa chini alifikia wapi. Agosti 2018, zilipotoka bahasha za kwanza zilizolipiwa, alipanda ngazi akiwa nayo mkononi, akinigongea mlango na kutweta. Akanionyesha ile pembe ya juu kulia. "Baba, hapa wamesahau kuchora kale kanyumba ka stempu." Nikamwambia hawakusahau. Akaigeuza, akaigeuza tena, hakuamini. Mwishowe akaniomba stempu moja hata hivyo, aibandike kwa usalama. Nilimpa. Nilishindwa kumkatalia.

Kwenye meza ya kulia nimeacha kalamu nyeusi na orodha ya masanduku yaliyo karibu. Na nimenunua vitabu vitano vya stempu. Hizo si zenu ninyi wa Washington, ninyi mmelipiwa. Mwenye ndugu Ohio, mwenye shangazi Clarkston, mwenye rafiki popote ambako bado wanajilipia, na awe raia, achukue bahasha pale, amwandikie barua ya salamu kwa mkono, atie stempu mbili ndani. Siku hizi zina gundi yake mgongoni. Hazihitaji sifongo.